Gari la spoti la zamani linapokataliwa California: kutafuta chanzo kwenye karatasi, vifaa vya moshi na injini

Mtu anayenunua Nissan Skyline GT-R ya mwaka 1990 au Mazda RX-7 ya mwaka 1993 kwenye mnada wa Japani na kuipeleka California hukutana na mamlaka tatu ambazo kila moja inauliza swali lake. Forodha ya Marekani, ikizisimamia kanuni za shirika la mazingira la EPA na za mamlaka ya usalama barabarani ya NHTSA, inauliza kama gari limefikisha umri wa kuruhusiwa kuingia nchini. Idara ya magari ya jimbo, yaani DMV, inauliza kama karatasi zinathibitisha kuwa gari ni hilo na mwenye gari ni huyo. Kituo cha kupima moshi kinauliza kama vifaa vya kupunguza uchafuzi vipo na vinafanya kazi. Jibu la ndiyo kutoka kwa mamlaka moja haliifungi nyingine, na hapo ndipo wamiliki wengi wanapopotea, kwa sababu wanasikia tu kwamba gari limekataliwa kisha wanakimbilia kununua masega mapya ya ekzosi (kifaa kinachosafisha gesi za moshi) wakati kasoro iko kwenye karatasi, au wanahangaika na karatasi wakati injini yenyewe inavuja oili kupitia turbo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuipata karatasi ya kukataliwa na kuisoma mstari kwa mstari. Karatasi hiyo hueleza nani amekataa na kwa sababu gani, na sehemu zinazofuata zimepangwa kwa kufuata hatua ambapo gari linakwama.

Dalili: gari limezuiwa bandarini

Chanzo cha kawaida ni hesabu ya umri. Sheria ya mwaka 1988 kuhusu usalama wa magari yanayoagizwa iliweka msamaha wa viwango vya usalama kwa gari lililotimiza miaka 25, na umri huo huhesabiwa kutoka mwezi gari lilipotengenezwa kiwandani. Mwaka wa modeli unaotajwa na muuzaji hauhusiki. Ndiyo maana Skyline GT-R ya kizazi cha R32, iliyoanza kuuzwa Agosti 1989, ilianza kuruhusiwa Agosti 2014, na ile ya R34, iliyoanza Januari 1999, ikasubiri hadi Januari 2024. Gari la R34 lililotengenezwa Novemba 1999 na likapakiwa melini likafika Marekani Septemba 2024 lilikuwa bado halijatimiza umri, hata kama muuzaji alikuwa ameandika kwa nia njema kwamba ni la 1999 na linaruhusiwa.

Tatizo huongezeka kwa sababu magari yaliyouzwa ndani ya Japani mara nyingi hayana kibandiko kinachotaja mwezi wa kutengenezwa. Cheti cha kuondoshwa Japani hutaja tarehe ya usajili wa kwanza, ambayo kwa kawaida huja baada ya gari kutoka kiwandani. Tarehe hiyo ikiwa imepita miaka 25, inatosha, kwa kuwa NHTSA hukubali hati ya usajili inayoonyesha kwamba gari lilisajiliwa angalau miaka 25 iliyopita, au ankara ya mauzo ya kwanza, au maelezo ya chama cha historia ya magari kinachotambulika. Ikiwa haijapita, usijaribu kubishana na afisa wa forodha. Tafuta uthibitisho wa mwezi wa kutengenezwa kwa kutumia namba ya chesisi kabla gari halijapakiwa, maana gharama za kuliweka gari chini ya ulinzi bandarini huongezeka kila siku.

Upande wa EPA umri ni miaka 21, na hapa kuna sharti ambalo wapenzi wa magari ya spoti hulipuuza kuliko mengine yote: gari liwe katika hali yake ya asili, bila mabadiliko. Injini ikiwa imebadilishwa, msamaha hautegemei umri wa bodi peke yake, bali EPA huangalia kama injini iliyowekwa inalingana na ile ya asili, au kama ni toleo lililoidhinishwa Marekani lenye vifaa vyake vyote vya moshi. Gari la Nissan Silvia lililofungwa injini ya modeli nyingine lina maswali mengi zaidi kuliko Silvia iliyobaki na injini yake. Anayenunua gari la aina hiyo kwa sababu ya injini yake kubwa anapaswa kujua kwamba amenunua na mzigo wa kujieleza.

Fomu zinazohusika ni mbili: HS-7 ya upande wa usalama na 3520-1 ya EPA. Kosa la kuweka alama kwenye kisanduku kisicho chake husimamisha gari zima sawasawa na kosa la umri, lakini tiba yake ni rahisi, yaani kuwasilisha fomu iliyosahihishwa kupitia wakala wa forodha. Nakala zilizopigwa mhuri zihifadhiwe pamoja na karatasi ya kuingiza gari nchini, namba 7501, kwa kuwa zitaulizwa tena katika hatua inayofuata na kila mara gari litakapouzwa.

Dalili: DMV inarudisha maombi ya usajili

Kabla ya kufikiria sheria ngumu, angalia namba ya chesisi. Kompyuta za majimbo mengi zimezoea namba ya tarakimu na herufi 17, ambayo Marekani iliifanya ya lazima tangu magari ya mwaka 1981. Gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani lina namba fupi, kwa mfano BNR32 ikifuatiwa na tarakimu sita, na karani anapoiingiza mfumo humwambia kuwa namba ina kasoro. Hilo hutatuliwa kwa kukaguliwa gari ana kwa ana na afisa wa DMV au wa doria ya barabara kuu, ambaye huijaza fomu ya uthibitisho iitwayo REG 31. Kabla ya siku ya ukaguzi, safisha mahali namba ilipogongwa kwenye chuma cha bodi, tena kwa kitambaa na mafuta mepesi, kamwe si kwa msasa wala tupa, kwa sababu namba iliyokwaruzwa huleta shaka ya wizi, na shaka hiyo ni kazi kubwa kuiondoa. Cheti cha Japani kinapaswa kuambatana na tafsiri ya Kiingereza iliyo kamili, na jina la mnunuzi lilingane katika karatasi zote.

Ikiwa karatasi hizo zote zimekamilika na bado usajili umekataliwa, basi chanzo ni sheria ya California yenyewe, nayo inahitaji kuelezwa kwa kirefu.

Msamaha wa EPA wa miaka 21 na ule wa NHTSA wa miaka 25 ni wa serikali kuu. California ina mamlaka yake ya hewa, CARB, iliyoanzishwa mwaka 1967 wakati ukungu wa moshi wa Los Angeles ulikuwa umeshawatesa watu kwa zaidi ya miaka 20, na sheria ya kitaifa ya hewa safi inaiachia nafasi ya kuweka viwango vikali zaidi. Kwa California, gari la petroli la modeli ya mwaka 1975 au kabla yake halipimwi moshi kabisa. Skyline GT-R ya kwanza, ile ya 1969 hadi 1972, na Porsche 911 ya 1973 iliyouzwa Ujerumani zinapita bila kupimwa. Gari la 1976 na kuendelea, ambalo halikutengenezwa kwa viwango vya Marekani, linapaswa kwanza kupelekwa kwenye maabara inayotambuliwa na CARB, lifanyiwe marekebisho yanayohitajika, lipimwe kwa mzunguko kamili wa uendeshaji, na kupata cheti cha kutimiza viwango. Gharama ni maelfu ya dola, na kwa injini zenye turbo mbili inaweza kulingana na bei ya gari lingine zima.

Wengi hushangaa, kwa kuwa wamesikia kwamba gari likifikisha miaka 30 linaachiliwa. Habari hiyo ilikuwa kweli hadi Aprili 2005. Sheria iliyopitishwa mwaka 2004 iliusimamisha mstari kwenye modeli za 1975, na tangu hapo hausogei, kwa hiyo gari la 1976 litaendelea kupimwa hata likifikisha miaka 60. Muuzaji aliye Texas au Florida anaposema kwamba gari lake tayari ni halali, anasema kweli kwa jimbo lake. New York, kwa mfano, haipimi moshi wa magari yaliyopita miaka 25. Hati ya umiliki kutoka jimbo jingine haiondoi sharti la maabara kwa mkazi wa California, na mtu aliyehamia na gari ana siku 20 tangu kuwa mkazi kulisajili.

Wapo wanaoshauri kufungua kampuni ya jina tu katika jimbo la Montana na kulisajili gari huko. Kwa maoni yangu ushauri huo humwingiza mtu kwenye tatizo baya zaidi kuliko lile alilolikimbia, maana anayeishi na kuendesha California akiwa na namba za Montana anakwepa kodi na kipimo cha moshi kwa pamoja, na siku ya ajali kampuni ya bima huuliza gari linalala wapi. Aliye na nia ya kukaa California na asiye na fedha za maabara ni heri atafute gari la aina hiyohiyo lililouzwa Marekani tangu mwanzo, kama vile RX-7 ya 1993 hadi 1995, Toyota Supra ya 1993 hadi 1998, au Nissan 300ZX. Usukani utakuwa kushoto, lakini kila kifaa cha moshi kina kumbukumbu na vipuri.

Dalili: gari limefeli kwa kuangaliwa, kabla ya kupimwa gesi

Kipimo cha California kina sehemu tatu, na ya kwanza ni ya macho. Fundi hufungua boneti na kulinganisha kilichopo na kinachotakiwa kuwepo: masega ya ekzosi, sensa ya oksijeni, vali ya kurudisha moshi kwenye injini, pampu ya hewa kama ilikuwepo, kopo la mkaa linalonasa mvuke wa petroli, na mpira unaorudisha hewa chafu ya sehemu ya chini ya injini kwenye njia ya kuvuta hewa. Kifaa kimoja kikikosekana gari limefeli, hata kama ekzosi inatoa moshi safi. Wamiliki huliona jambo hili kuwa la uonevu, lakini lina mantiki: gesi hupimwa kwa dakika chache, na kifaa hulinda hewa kwa miaka miwili hadi kipimo kijacho.

Katika gari la spoti chanzo cha kwanza cha kufeli kwa macho ni vifaa vya kuongeza nguvu. Filta ya hewa iliyo wazi, bomba jipya la turbo, kompyuta iliyobadilishwa, na vali inayoachia hewa ya turbo nje, vyote huhesabiwa kuwa mabadiliko isipokuwa kama vina idhini ya CARB, ambayo hutambulika kwa namba inayoanza na herufi D, iliyochapwa kwenye kibandiko au kwenye chuma chenyewe. Idhini hiyo hutaja magari yanayohusika, na hapa lipo fundo kwa magari ya Japani: kifaa kinaweza kuwa na idhini kwa modeli iliyouzwa Marekani kisiwe na idhini kwa injini ambayo haikuwahi kuuzwa huko. Tiba ni kurudisha kifaa cha asili. Kwa gari lililopita maabara, rejea pekee ni hali lililokuwa nayo siku lilipopata cheti, na kila kilichoongezwa baadaye kinalirudisha nyuma.

Chanzo cha pili ni masega. Yakiwa yamekatwa na kuwekwa bomba tupu, gari halina pa kujitetea, kwa sheria ya jimbo na kwa sheria ya taifa. Hili liwahusu pia ndugu walioko Dar es Salaam au Nairobi wanaofikiria kulihamisha gari lao kwenda Marekani, kwa sababu huku kwetu masega hukatwa na kuuzwa kwa ajili ya platinamu, palladi na rodi iliyomo ndani yake, na gari huendelea kutembea bila mtu kuuliza. California haikubali masega yaliyotumika, na masega mapya yasiyo ya kiwandani yanapaswa kuwa na idhini ya CARB chini ya viwango vilivyoanza Januari 2009. Yale ya bei nafuu yanayouzwa kwa majimbo mengine yanafanana kwa nje, ila hayana namba ya idhini, na fundi hulala chini ya gari kuitafuta.

Chanzo cha tatu ni mipira ya vakyumu iliyofungwa ovyo au kukatwa wakati injini ilipofanyiwa matengenezo. Gari lililouzwa Marekani lina kibandiko chini ya boneti kinachochora njia za mipira hiyo; kibandiko kikiwa kimepotea, kinaweza kuagizwa upya kwa modeli nyingi. Fuatilia mpira mmoja baada ya mwingine ukiwa na mchoro mkononi, kwa sababu RX-7 ya 1993 ina mipira mingi kiasi kwamba kukisia ni kupoteza siku nzima.

Upo mlango mmoja wa nafuu unaostahili kujulikana. Gari lililofikisha miaka 35 ya modeli, lenye bima ya gari la ukusanyaji, linaweza kupelekwa kwa mwamuzi wa ofisi ya matengenezo ya magari ya California, yaani BAR, na kusamehewa ukaguzi wa macho wa vifaa mradi gesi zake zipite, kifuniko cha tangi kizibe vizuri na pasiwe na petroli inayovuja. GT-R ya 1989 ilifika umri huo mwaka 2024. Gari la Japani ambalo halijapata cheti cha maabara haliwezi kuutumia mlango huu kuikwepa maabara.

Dalili: gesi zimezidi kiwango

Hapa ndipo fundi mwenye subira anapookoa fedha nyingi. Katika maeneo yenye uchafuzi mkubwa, magari ya 1976 hadi 1999 huwekwa juu ya roli na kuendeshwa kwa maili 15 kwa saa na kisha maili 25 kwa saa, yakiwa na mzigo. Karatasi ya matokeo huonyesha, kwa kila mwendo, hidrokaboni (petroli isiyoungua), kaboni monoksidi, oksidi ya nitrojeni, na pia kaboni dioksidi na oksijeni. Mmiliki huangalia tu tarakimu iliyozidi. Fundi anapaswa kuzisoma zote tano pamoja, kwa sababu mchanganyiko wa tarakimu ndio unaoonyesha chanzo.

Kaboni monoksidi ikiwa juu, oksijeni ikiwa karibu na sifuri, injini inapewa petroli kupita kiasi. Anza na vitu vidogo: filta ya hewa iliyoziba, thermostati iliyokwama wazi ikaifanya injini isipate joto, na sensa ya joto la maji ambayo inaiambia kompyuta kwamba injini bado ni ya baridi. Kisha chomoa mpira wa vakyumu kwenye kidhibiti cha presha ya petroli. Ukikuta petroli ndani yake, utando umechanika na chanzo umekipata. Nozeli zinazovuja baada ya gari kukaa muda mrefu bila kuendeshwa ni kisa cha kawaida kwa magari haya, ambayo wengi huyafunika gereji miezi sita kwa mwaka. Oili ya injini yenye harufu ya petroli nayo hupandisha gesi hii, kwa kuwa mvuke wake unavutwa tena na injini, hivyo badilisha oili kabla ya kupima.

Hidrokaboni ikiwa juu peke yake na oksijeni ikiwa juu pia, petroli haiwaki. Injini inamisi, yaani cheche inakosa kuwasha petroli, hata kama kwa sikio inaonekana kutulia. Katika injini za Nissan za RB zenye koili moja kwa kila plagi, koili huzeeka na kupasuka plastiki yake, na cheche hupotea pale tu mzigo unapoongezeka, ambavyo ndivyo hali ilivyo juu ya roli. Kagua plagi na koili, pima mgandamizo wa kila silinda, kisha tafuta hewa inayoingia kupitia gasketi ya manifoldi. Injini ya rotari ya RX-7 ina hali yake ya pekee: umbo la chumba chake cha kuwakia huacha petroli isiyoungua kwa asili, na ndiyo sababu Mazda waliifunga pampu ya hewa inayosaidia masega kumalizia kuunguza. Pampu hiyo ikiwa imeondolewa, au mkanda wake umelegea, au vali inayogawa hewa imekwama, hakuna marekebisho ya petroli yatakayolipitisha gari hilo.

Oksidi ya nitrojeni huzaliwa joto la mwako linapopita takriban nyuzi 1,370 za Selsiasi. Vyanzo ni taiming (wakati cheche inapowaka) iliyosogezwa mbele, mchanganyiko wenye petroli kidogo, kaboni iliyojaa juu ya pistoni, rejeta isiyopoza, na vali ya kurudisha moshi iliyoziba kwa masizi. Taiming hupimwa kwenye ukaguzi wenyewe, na inaruhusiwa kutofautiana na kiwango cha kiwandani kwa nyuzi 3 tu za mzunguko wa injini. Mafundi wa mbio huisogeza mbele kutafuta nguvu, na mnunuzi wa baadaye hajui. Ndiyo maana ninashauri taa ya taiming itumike kabla ya kifaa chochote kununuliwa.

Hidrokaboni, kaboni monoksidi na oksidi ya nitrojeni zikiwa juu zote tatu kwa kiasi, huku injini ikikimbia vizuri, ndipo masega yanaposhukiwa kwa haki. Hata hivyo, usiyabadilishe kwanza. Masega ya njia tatu hufanya kazi pale tu mchanganyiko unapocheza kidogo juu na chini ya uwiano wa hewa 14.7 kwa petroli 1, na anayeuchezesha ni sensa ya oksijeni. Sensa ya kawaida ya zirkonia, injini ikiwa na joto na mizunguko 2,500 kwa dakika, hupanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9 mara kadhaa ndani ya sekunde kumi. Ikitambaa polepole, imechoka, na masega mazima yataonekana mabovu. Tahadhari kwa wenye Nissan 300ZX ya kizazi cha Z32: sensa zake ni za titania, zinazobadilisha ukinzani badala ya kuzalisha volti, na sensa ya zirkonia ikifungwa mahali pake kompyuta itapokea habari za uongo.

Masega yakithibitika kuwa yamekufa, swali linalofuata ni nini kimeyaua. Injini iliyomisi kwa muda huyamwagia petroli mbichi, nayo huungua ndani hadi seramiki inayeyuka. Oili inayopita kwenye sili za turbo au ringi za pistoni huyapaka fosforasi na zinki, na maji ya rejeta kutoka gasketi ya kichwa iliyoungua huyafunika kwa tabaka lisiloondoka. Ukifunga masega mapya yenye idhini, ambayo ni ghali, juu ya injini inayovuta oili, utafaulu kipimo cha moshi cha mwaka huu na kufeli kijacho. Yakiwa yameziba, gari hukosa nguvu likipanda mwendo. Fungua sensa ya mbele ya masega, funga geji ya presha mahali pake, na presha ikizidi takriban psi 3 kwa mizunguko 2,500, njia imezibwa.

Gari lenye magurudumu manne yanayovuta muda wote haliwekwi kwenye roli ya ekseli moja. Mwenye GT-R amwambie fundi mapema, kwa sababu mfumo wake hupeleka nguvu mbele pale magurudumu ya nyuma yanapoteleza, na klachi zake zinaweza kuharibika. Gari la namna hiyo hupimwa likiwa limesimama, kwa mizunguko ya chini na kwa 2,500, na kipimo hicho hakiangalii oksidi ya nitrojeni.

Dalili: gari linafaulu leo na kufeli kesho

Masega hayaanzi kufanya kazi hadi yafike nyuzi 250 hadi 300, kwa hiyo gari lililosubiri foleni nusu saa likiwa limezimwa hupimwa likiwa na masega ya baridi. Liendeshe dakika 20 kwenye barabara kuu na omba lipimwe mara linapofika. Petroli iliyokaa mwaka mzima tangini iondolewe. Magari ya 1976 hadi 1995 hupimwa pia uvujaji wa mvuke kwenye mfumo wa petroli, na mipira iliyokauka juu ya tangi huvuja siku ya joto na kuziba siku ya baridi. Ibadilishe yote kwa pamoja.

Kwa modeli za 1996 na kuendelea, kompyuta ya gari lililouzwa Marekani inasomwa kupitia mfumo wa gari kujipima uitwao OBD-II, na betri ikichomolewa kumbukumbu za kujipima hufutika. Gari la petroli la 1996 hadi 1999 linaruhusiwa kuwa na kipengele kimoja cha kujipima ambacho hakijakamilika, na la 2000 na kuendelea ni kile cha mvuke wa petroli tu. Anayefuta taa ya injini asubuhi ya kipimo hujifelisha mwenyewe. Magari ya ndani ya Japani ya miaka hiyo mara nyingi hayafuati OBD-II hata kama soketi inafanana, na mashine ikishindwa kuongea na gari, njia ni kwa mwamuzi wa BAR, akiwa na cheti cha maabara mbele yake.

Kabla ya kipimo rasmi, omba kipimo cha awali, ambacho matokeo yake hayapelekwi DMV. Gari likifeli rasmi kwa kiwango kikubwa huandikwa kuwa mchafuzi mkubwa, na masharti ya kulirudisha ni mazito zaidi. Cheti cha kufaulu hudumu siku 90. Na ada za usajili zilipwe kwa tarehe yake hata kama gari bado liko kwa fundi, kwa sababu faini ya kuchelewa haisubiri kipimo cha moshi, na aliyelipa ada zote gari lake likafeli anaweza kuomba DMV kibali kimoja cha kuendesha kwa siku 60, kwa dola 50, wakati matengenezo yanaendelea.